Barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za afya: tunaomba mita 30 za korido

Waheshimiwa wakurugenzi wa hospitali, waganga wakuu, na nyote mnaoketi kwenye vikao vya bajeti ya afya,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, au fiziotherapia kama wengi wanavyoiita. Sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni wa kifua. Wapo wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wenye pumu ya miaka mingi, wenye mirija ya hewa iliyotanuka na kujaa makohozi, na waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu. Nina maombi kadhaa, lakini la kwanza ni dogo na nalitaja mapema: naomba mita 30 za korido.

Iwe korido iliyonyooka, yenye sakafu tambarare, isiyo na vitanda vya akiba wala maboksi, kwa saa mbili, siku mbili kwa wiki. Naweka koni mbili na kiti. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, kwa mwendo anaouweza. Akichoka anasimama, pumzi ikirudi anaendelea, na mimi nahesabu mita. Kidoleni amevaa kipimo cha oksijeni, na ikishuka chini ya asilimia 80 namsimamisha hapohapo. Mwishoni namuuliza pumzi imembana kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Basi. Kwa kipimo hicho napata kujua mazoezi yake yaanzie wapi, na baada ya wiki kadhaa najua kama yamemsaidia.

Urefu huo sikuubuni mimi, ndio unaoelekezwa na mwongozo wa kimataifa. Korido ikiwa fupi mgonjwa hugeuka mara nyingi, kila anapogeuka anapoteza hatua, na mwisho anaonekana mgonjwa kuliko alivyo. Tena kuna jambo ambalo hunigusa kila nikilikumbuka. Watafiti walipotafuta ni ongezeko dogo kiasi gani ambalo mgonjwa mwenyewe hulihisi katika maisha yake, walifikia takribani mita 30. Yaani mtu akiongeza urefu mmoja tu wa korido hiyo ndani ya dakika 6, nyumbani kwake anaona tofauti: anafika mlangoni bila kushika ukuta, anamaliza kuoga bila kuketi.

Korido ninayoitumia sasa ina vitanda vibovu upande mmoja na madawati ya wanaosubiri dawa upande wa pili. Natumia kipande cha mita 12, na siku nyingine hata hicho hakipatikani.

Nawaombeni mnisikilize kuhusu mzee mmoja, maana kwake nimejifunza mengi kuliko nilivyomfundisha. Kabla hatujakutana alikuwa amelazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara ilikuwa vilevile: oksijeni, sindano, dawa ya kuvuta, siku tano au sita wodini, kisha karatasi ya ruhusa iliyoandikwa dawa zake na neno moja la ushauri, "apumzike." Mzee ni mtiifu, akapumzika. Aliacha kwenda kusali kwa sababu ya ngazi tatu za mlangoni. Akaacha kutoka nje. Mwisho kitanda kikahamishiwa karibu na choo. Hakuna aliyemwandikia rufaa ya kuja kwangu. Tulikutana kwa sababu binti yake alikuwa akimleta mama yake kwa ajili ya goti, na siku moja akauliza kwa aibu, kana kwamba anaomba kisicho haki yake, "Na baba yangu mwenye kifua, ninyi hamuwezi kumsaidia?"

Siku ya kwanza alitembea mita 180, akisimama mara mbili. Baada ya wiki 8 alitembea 245 bila kusimama. Kipimo cha kupuliza, kile kinachoonyesha nguvu ya mapafu, kilibaki palepale. Hili nalisema wazi ili mtu asidhani nauza miujiza: tiba ya viungo haifufui mapafu yaliyokwisha kuharibika. Kilichobadilika ni miguu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa kuwa hata wenzangu wa taaluma nyingine hawaelezwi vya kutosha. Mtu akiishiwa pumzi anapotembea, huogopa kutembea. Asipotembea, misuli ya mapaja hupungua. Misuli iliyopungua huchoka upesi na kumwaga tindikali kwenye damu hata kwa kazi ndogo, na mwili huiondoa tindikali hiyo kwa kuhema haraka zaidi. Sasa fikirini kifua ambacho njia zake za hewa ni nyembamba. Hewa inaingia, lakini kutoka inahitaji muda, na anayetweta hana muda huo. Pumzi ya pili inaingia kabla ya kwanza kwisha kutoka, ya tatu inapanda juu ya hizo. Kifua kinajaa hewa iliyonaswa na mgonjwa anahisi anakufa kwa kukosa hewa. Siku ya pili yake hatembei kabisa, na mapaja yanazidi kupungua.

Dawa ya kuvuta hufungua njia za hewa kadiri inavyoweza, na ninaihitaji sana. Lakini paja haliongezewi nguvu na dawa ya kuvuta. Paja linarudishwa kwa kutembea, kupanda na kushuka ngazi moja, kusimama kutoka kitini mara kumi kisha mara kumi tena, kunyanyua chupa zilizojazwa maji. Misuli ikipata nguvu haitoi tindikali mapema, mgonjwa hahemi sana kwa kazi ileile, na hewa inapata nafasi ya kutoka. Mapafu ni yaleyale, ila yanadaiwa kidogo.

Pamoja na miguu tunamfundisha kupumua. Anavuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama ya mpiga mluzi, ili njia za hewa zisijifunge mapema. Pumzi ikimbana anainama mbele, mikono ikiegemea meza au magoti, na mabega yanapata pa kushika ili kusaidia mbavu. Mwenye makohozi mengi tunamwonyesha namna ya kuyapandisha bila kujichosha: apumue kwa utulivu, avute pumzi ndefu chache, kisha atoe hewa kwa mdomo wazi kama anayetia ukungu kwenye kioo. Watu wengi hukohoa kwa nguvu zote hadi machozi yanatoka na makohozi hayaji, kwa sababu kikohozi cha nguvu kinaminya mirija iliyo dhaifu. Nimewaona wagonjwa wakilia siku makohozi yalipotoka kwa njia hii rahisi, baada ya miaka ya kukosa usingizi.

Kwa hiyo inaniuma ninaposikia tiba ya viungo ikiitwa kukandwa. Hata baadhi ya rufaa chache ninazopata zimeandikwa "apigwepigwe mgongo." Kuna wagonjwa wachache ambao kupigwapigwa kunawafaa, lakini ukimpigapiga mgongo mtu ambaye mapaja yake yamekwisha, unampa nafuu ya saa moja na anarudi kitandani akiwa vilevile.

Ushahidi upo, na umekuwepo siku nyingi. Mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Waliofanyishwa mazoezi walitembea kwa wastani takribani mita 44 zaidi, ndani ya dakika 6, kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Kubanwa pumzi kulipungua, na uchovu pia ukapungua. Ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba wahariri waliona hakuna haja tena ya majaribio ya kulinganisha mazoezi na kutofanya mazoezi. Kuna dawa ngapi tunazozinunua kila mwezi zenye ushahidi wa namna hiyo?

Na ugonjwa wenyewe si wa watu wachache. Mwaka 2021 uliua watu takribani milioni 3.5 duniani. Miongoni mwa wanaokufa nao kabla ya kufikisha miaka 70, karibu 90 katika kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Sigara inachangia, moshi wa jikoni unachangia, vumbi la kazini linachangia. Wengi wa wagonjwa wangu wanawake hawajawahi kushika sigara.

Lakini hata penye fedha, rufaa hazitoki. Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwaangalia wazee zaidi ya 197,000 waliolazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa huu kisha wakaruhusiwa. Walioanza programu ya mazoezi ndani ya siku 90 hawakufika hata wawili katika kila mia, na hao wachache walikuwa na vifo pungufu ndani ya mwaka uliofuata. Ni kweli utafiti wa aina hiyo peke yake hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo yaliyowaokoa, maana huenda walioanza walikuwa na nguvu kidogo tangu mwanzo. Ninachokiona humo ni kwamba tatizo la karatasi ya ruhusa isiyotaja mazoezi ni la dunia nzima, na haliondolewi na majengo mazuri.

Niwakumbushe pia wale waliopona kifua kikuu. Tunawahesabu kuwa ushindi, na ni ushindi kweli: makohozi hayana vimelea, kadi imegongwa muhuri, jina limefungwa kwenye daftari. Halafu miezi sita baadaye anarudi kijana wa miaka 30 ambaye hawezi kubeba ndoo. Anapimwa tena kifua kikuu, anaambiwa hana, anarudishwa nyumbani. Anapimwa tena. Wengine huanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya pili bila kuwa na vimelea, kwa sababu tu kikohozi kipo na picha ya kifua ina makovu. Hakuna anayemwambia kwamba ugonjwa umekwisha ila umeacha uharibifu, na kwamba uharibifu huo una matibabu yake. Uganda watafiti waliwapa wagonjwa wa namna hii programu ya wiki 6, mara mbili kwa wiki, kwa vifaa vya kawaida kabisa, na wakaona wanatembea zaidi na kuishi vizuri zaidi. Wagonjwa hawa tunawajua kwa majina. Tuna daftari lao, tulihesabu vidonge vyao. Kuwapeleka chumba cha pili kwa kipimo cha kupuliza na cha kutembea siku wanapomaliza dozi ni kazi ya asubuhi moja.

Nimezungumza zaidi juu ya kifua kwa sababu ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, lakini chumba chetu kinahudumia wengi. Aliyepata kiharusi ana wiki na miezi ya mwanzo ambayo hufidii baadaye ukiipoteza. Mwenye moyo uliochoka anahitaji mazoezi yaliyopimwa kwa uangalifu, tena pengine kuliko wa mapafu. Wapo wenye magoti yaliyolika, wazee wanaoanguka, wenye ugonjwa wa kutetemeka. Wote hawa kila mmoja anastahili barua yake.

Wodini pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi, na ndani ya siku 10 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Mtu anaokolewa na mashine kisha hawezi kusimama. Na mwaka 2018 kulichapishwa jaribio la Australia na New Zealand ambalo ningependa kila mkuu wa idara ya upasuaji alisome. Kikao kimoja cha dakika 30 na mtaalamu wa viungo kabla ya upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo, kumfundisha mgonjwa namna ya kuvuta pumzi ndefu mara tu anapozinduka, kilipunguza kwa nusu matatizo ya mapafu baada ya upasuaji. Hesabuni gharama ya nimonia moja baada ya upasuaji: siku za kitanda, dawa za sindano, oksijeni, hofu ya familia. Kisha hesabuni dakika 30 za mtumishi mmoja.

Najua mtaniuliza, watumishi wako wapi? Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani linasema kuna nchi za kipato cha chini na cha kati zenye wataalamu wa utengamao, yaani huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake, pungufu ya 10 kwa kila watu milioni moja, wakati duniani watu takribani bilioni 2.4 wana hali ambazo utengamao ungewasaidia. Mimi mwenyewe nimekuwa peke yangu kwa miezi mingi, nikihudumia wodi zote na wa nje. Ajira zinahitajika, na sitaacha kuziomba. Hata hivyo, programu ya mapafu ni ya kikundi. Mtaalamu mmoja na muuguzi mmoja aliyefundishwa wanaweza kuwasimamia wagonjwa wanane kwa pamoja, na kikundi chenyewe ni dawa: anayeanza anamwona wa wiki ya sita akipanda ngazi na hofu inapungua, bila maneno yangu. Kwa anayekaa mbali au asiye na nauli ya kuja mara mbili kila wiki, kuna jaribio la Australia la mwaka 2017 ambapo wagonjwa walitembelewa nyumbani mara moja, kisha wakapigiwa simu mara moja kwa wiki kwa wiki 7. Mwisho wa programu matokeo yao hayakuwa pungufu ya waliokuja kituoni. Simu tunazo. Tunachokosa ni muda uliotengwa kwa kazi hiyo na muda wa maongezi unaolipwa na ofisi, maana kwa sasa ninatumia wangu.

Kuna wanaoogopa kwamba tutawaua wagonjwa kwa kuwafanyisha mazoezi. Hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana hatuanzi bila kuuliza maumivu ya kifua, bila kupima shinikizo la damu, mapigo na oksijeni, wala hatumchukui mwenye moyo ambao haujatulia. Mwenye kifua kikuu ambacho bado kinaambukiza tunasubiri amalize kipindi cha kuambukiza. Anayeanza kuhema tunamwambia kuhema huko kunatarajiwa, ilimradi awe bado anaweza kusema sentensi fupi. Hatari ninayoiona kila siku ni ile ya kitanda.

Ninachoomba, basi, baada ya korido, ni mstari mmoja kwenye karatasi ya ruhusa. Kila aliyelazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa sugu wa mapafu asitoke bila kuandikiwa miadi ya tiba ya viungo, yenye tarehe, ndani ya wiki 4. Iwe kama ilivyo kwa dawa: daktari asipoandika, muuguzi anauliza. Mstari huo ukikosekana, mgonjwa atapona homa, atarudi kitandani na baada ya miezi mitatu tutampokea tena kwa mlango wa dharura, tukimwuliza maswali yaleyale.

Naomba pia bima na mifuko ya afya ilipe programu nzima, angalau mara mbili kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8. Zipo zinazolipia vikao vichache kisha zinasimama, na mgonjwa anaacha wakati mwili ndio kwanza unaanza kuitika. Ni sawa na kumpa mtu dawa ya siku mbili kati ya saba. Na nawaomba mnaotunza takwimu: wekeni idadi ya waliopewa rufaa na waliomaliza programu kwenye taarifa ya kila robo mwaka, kando ya idadi ya waliolazwa. Nimeona mara nyingi kwamba kisichoandikwa kwenye taarifa ile hakipewi hata kiti.

Vifaa siviombi vikubwa. Vipimo viwili vya oksijeni vya kidoleni, viti imara visivyo na magurudumu, jukwaa la ngazi moja, mikanda ya mpira, saa, na mtungi wa oksijeni wenye magurudumu kwa wanaoshuka oksijeni sana wakitembea. Baiskeli ya mazoezi ikipatikana tutashukuru, isipopatikana tutatembea.

Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana Mei 2023, katika Mkutano Mkuu wa Afya, kwamba utengamao uimarishwe ndani ya mifumo ya afya. Maneno yale yalipitishwa na viongozi wa ngazi yenu. Mimi niko upande wa pili wa maneno hayo, kwenye chumba cha mwisho, na wanaonijia hawajui azimio, wanajua ngazi tatu za mlangoni.

Yule mzee bado yupo. Amelazwa mara moja tu tangu amalize programu, akatoka baada ya siku tatu, na safari hiyo alikuja kwangu kwa miguu yake kuuliza aanze lini tena. Nilimpa Jumanne, saa mbili asubuhi. Kuna wengine saba siku hiyo, wawili kati yao wanatembea kwa mara ya kwanza. Naomba vitanda vile viwe vimeondolewa kufikia Jumatatu jioni. Nitakuja mwenyewe kusaidia kuvibeba.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa tiba ya viungo